Daraja jipya kwa gitaa la zamani: matundu ndiyo yanayochagua

*Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba yangu mdogo, aliyekuwa akipiga rithim kwenye bendi ya dansi hapa Tanga, ameniachia gitaa la umeme. Ni la Kijapani, la miaka ya 1970, umbo la Les Paul, na nyuzi zinafungwa kwenye kile chuma kinene kinachosimama peke yake nyuma ya daraja. Daraja lina kutu, skrubu mbili hazizunguki kabisa, uzi wa tatu na wa nne zinakwaruza freti (vile vyuma vya shingoni), na nikipanda juu ya shingo sauti zinapishana. Fundi mmoja anataka kutoboa upya aweke daraja pana la kisasa. Rafiki yangu anasema ninunue lolote mtandaoni kwa sababu yote yanaingiliana. Nimsikilize nani?*

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na baba yako mdogo. Kwa hili la daraja, yaani kile chuma kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Fundi anataka kuondoa mbao ambayo hairudi tena, na rafiki yako anadhani Wajapani na Wamarekani walitumia skrubu za kipimo kimoja. Daraja litakalokufaa limekwisha kuamuliwa na matundu mawili yaliyotobolewa kiwandani kwenye gitaa lako. Yapime, kisha utafute kinachoyaingia. Kikihitaji kurekebishwa kitu ili viingiane, rekebisha daraja jipya, usiliguse gitaa.

Lakini tuanze na ugonjwa wenyewe, maana inawezekana huhitaji kununua chochote.

Nyuzi mbili za katikati kukwaruza wakati za pembeni ziko safi ni dalili ya daraja lililobonyea. Madaraja mengi ya aina yako yalimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, metali rahisi kumimina lakini laini. Limeshikwa ncha mbili tu, na nyuzi zinalisukuma chini mchana na usiku. Kile chuma cha nyuma kikiwa kimekazwa hadi kugusa mwili wa gitaa, nyuzi zinashuka kwa pembe kali zaidi na msukumo unaongezeka. Baada ya miaka hamsini hivi, tumbo linashuka.

Kulijua ni rahisi. Legeza nyuzi hadi zilale kabisa, kisha inua daraja; kwa kawaida linachomoka lenyewe kwenye nguzo zake. Fanya hivyo juu ya kitambaa, kwa sababu yapo madaraja ambayo vile vipande sita vidogo vinavyobeba nyuzi, nitaviita vibebeo, vinaanguka mara nyuzi zikiondoka. Geuza daraja, weka rula ya chuma kwenye upande wake wa chini, ulishike mbele ya mwanga. Rula ikitulia na mwanga haupiti, daraja limenyooka. Rula ikiyumba na mwanga ukaonekana kwenye ncha mbili, limebonyea.

Likiwa limenyooka, tafuta sababu kwingine. Angalia kama uzi wa tatu na wa nne zimechimba mifereji mirefu kwenye vibebeo vyake. Angalia freti, hasa zile za chini; mpiga rithim anazila hizo kabla ya nyingine zote. Kisha angalia shingo: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 ni nzuri. Kama haipo kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume, na daraja jipya halitakusaidia kitu.

Kuhusu sauti kupishana, weka seti mpya ya nyuzi kabla ya kulaumu chuma. Nyuzi zilizokaa na chumvi ya bahari na jasho hupoteza usawa wa unene wake, na uzi wa namna hiyo hautulii kwenye tuni hata ukiwekewa daraja la dhahabu.

Sasa zile skrubu mbili. Toa daraja lote kwenye gitaa, ulipake mafuta ya kulegeza kutu, uliache usiku kucha, kisha ujaribu tena kwa bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu sawasawa. Nakuomba sana usiliweke kwenye siki wala ndimu. Najua watu husafishia kutu hivyo, na kwa chuma cha kawaida inafanya kazi, lakini asidi hizo zinakula zinki. Utatoa kutu ya skrubu na kupoteza mwili wa daraja.

Tuchukulie sasa umepima na tumbo kweli limeshuka. Bado kuna njia ya bei ndogo: kuchimba mifereji ya vibebeo vya pembeni kidogo zaidi ili uzi wa kwanza na wa sita zishuke, kisha kupandisha daraja zima. Mpinde wa nyuzi unarudi kufuata ubao wa shingo. Hii inafaa daraja likiwa limeshuka kidogo tu na vibebeo bado vina nyama. Wapo wanaonyoosha daraja kwenye jiliwa. Mimi sipendi, kwa sababu zinki ya zamani hupasuka bila taarifa, na hata likinyooka litashuka tena.

Kama ni kununua, inabidi ujue gitaa lako liko katika ukoo gani. Mwaka 1954 kampuni ya Gibson ya Marekani, wakati Ted McCarty akiwa rais wake, ilileta kwenye gitaa lake la Les Paul Custom daraja la Tune-o-matic, lenye alama ABR-1. Kwa mara ya kwanza mpigaji wa Gibson aliweza kusogeza kila uzi mbele na nyuma peke yake ili oktavu ikae sawa, yaani uzi utoe sauti sahihi hata ukibonyezwa juu ya shingo. Daraja hilo ni jembamba. Nguzo zake ni skrubu mbili zilizoingia moja kwa moja kwenye mbao, kila moja ikiwa na nati bapa ya duara ambayo daraja huikalia na ambayo ndiyo hulipandisha na kulishusha. Katikati ya miaka ya 1970 Gibson ilifungua kiwanda katika mji wa Nashville, na daraja lililotoka huko linaitwa kwa jina hilo mpaka leo. Ni pana zaidi, vibebeo vyake vina safari ndefu zaidi, na nguzo zake ni nene, zimekaa ndani ya bushi za chuma zilizogongwa kwenye matundu makubwa.

Viwanda vya Japani viliiga yote mawili. Vingi vilikuwa katika mji wa Matsumoto, ambako FujiGen ilitengeneza magitaa ya Ibanez na Greco, na Matsumoku ikatengeneza ya Aria na majina mengine mengi. Waliiga sura, lakini meno ya skrubu walikata kwa milimita, kama fundi yeyote wa huko angefanya. Ndiyo maana gitaa kama lako linaweza kuwa na daraja linalofanana kabisa na ABR-1 kwa macho, halafu la Kimarekani uliloagiza likagoma kuingia. Na mtu akitaka kukuuzia vipuri kwa bei kubwa eti ni vya gitaa la enzi za kesi, kumbuka kwamba kesi ya mwaka 1977, ya kampuni mama ya Gibson dhidi ya msambazaji wa Ibanez huko Marekani, ilihusu umbo la kichwa cha gitaa. Daraja halikuwa na uhusiano nayo.

Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kama huna, fundi yeyote wa injini anayo na atakuazima kwa dakika kumi. Anza na unene wa nguzo. Nguzo ya ABR-1 ya Kimarekani ni skrubu ya 6-32, yenye unene wa karibu milimita 3.5 na meno 32 kwa inchi. Ya Kijapani ya sura hiyo mara nyingi ni M4, yaani milimita 4. Ukipata milimita 5 au zaidi, na ukaona duara la chuma limezama kwenye mbao kuzunguka nguzo, gitaa lako ni la bushi. Hiki ndicho kipimo kinachowaponza wengi. Daraja lenye tundu la milimita 3.5 halipiti kwenye nguzo ya milimita 4. Na lenye tundu pana likikalia nguzo nyembamba litalala mbele, oktavu zitahama, na utasikia mtetemo usioujua unatoka wapi.

Kisha pima umbali kati ya nguzo, katikati hadi katikati. Njia ya uhakika ni kupima kutoka ukingo wa nje wa nguzo moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, halafu utoe unene wa nguzo moja. Kwa koo zote mbili jibu la kawaida ni karibu milimita 74. Pima hata hivyo. Matundu ya baadhi ya madaraja yana nafasi kidogo ya kuchezea, lakini ukizidi milimita moja utakuwa unalilazimisha, na nguzo zitaanza kupinda.

Upana kati ya uzi wa kwanza na wa sita kwenye daraja huwa milimita 50 hadi 52. Hapa kuna uhuru, kwa sababu vibebeo vingi vinauzwa bila mifereji na utachimba mwenyewe pale unapotaka. Mimi nakushauri ununue hivyo. Nyosha uzi wa kwanza na wa sita kutoka juu ya shingo, hakikisha hazining'inii nje ya kingo za freti na zinapita juu ya vichwa vya sumaku za pikapu (vile vinasa sauti chini ya nyuzi), ndipo utie alama.

Kipimo cha mpinde wauzaji wengi hawakitaji. Ubao wa shingo umejipinda kama kipande cha duara kubwa, na daraja linapaswa kufuata mpinde huo. Gibson hutumia nusukipenyo cha inchi 12, yaani milimita 305, na magitaa mengi ya umbo hilo yako karibu na hapo. Ya kwako iangalie kwa kadibodi: piga msumari kwenye meza, funga kamba, chora tao la milimita 305, ulikate kwa uangalifu, kisha uliweke juu ya freti nyuzi zikiwa zimeondolewa. Likilala bila mwanga kupita, umepata jibu. Lisipolala, jaribu 254 au 355.

Kabla hujavua daraja la zamani, pima pia ni urefu gani uliopo kutoka juu ya mwili wa gitaa hadi chini ya uzi wa kwanza na wa sita, pale nyuzi zinapokalia. Magitaa mengi ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yana shingo ya kufunga kwa skrubu, na baadhi yake shingo imekaa chini sana. Daraja la kisasa lililo nene likigusa mwili kabla nyuzi hazijashuka vya kutosha, umenunua kitu kisichoweza kutumika.

Kuna jambo la vibebeo ambalo kwa gitaa la bendi ya dansi nalitilia mkazo. Zamani uzi wa tatu ulikuwa mara nyingi ni wa kuzungushiwa waya mwembamba, kama wa nne. Siku hizi seti nyepesi zina uzi wa tatu mtupu, na uzi mtupu mnene kiasi hicho unadai kibebeo chake kirudi nyuma zaidi. Kwenye daraja jembamba safari inaweza kuisha kabla oktavu haijakaa. Hapo ndipo mafundi wengi wanaposema uweke daraja pana, na ndipo huyo wako anapoanza kutafuta keekee. Jaribu kwanza kukigeuza kibebeo: upande mmoja umesimama wima na mwingine umelala, na mfereji uko karibu na ule ulio wima. Ukikigeuza ili wima uangalie kule nyuzi zinakofungwa, unapata kama milimita moja au mbili, na mara nyingi hizo zinatosha.

Zisipotosha, yapo madaraja ya mwili mpana yenye matundu ya nguzo nyembamba, yaliyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Zipo pia nguzo za kubadilishia, zenye meno ya kipimo kimoja chini na kingine juu. Yote haya yanaingia bila kugusa mbao.

Kuweka bushi za Nashville kwenye gitaa lililokuwa na nguzo nyembamba maana yake ni kupanua tundu la milimita 4 likaribie 11. Likitobolewa nje ya mstari hata kidogo, daraja litakaa upande, na rangi ya miaka hamsini itapasuka kuzunguka tundu. Sioni sababu ya kulifanyia hivyo gitaa lililopiga dansi miaka yote hiyo. Kutoboa nakubali mahali pamoja tu: nguzo zikiwa zimelala mbele kwa sababu mbao imechoka. Hapo unazitoa, unaziba matundu kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, unaacha ikauke siku nzima, kisha unatoboa palepale kwa kipimo kilekile, kwa mashine iliyosimama wima.

Kama daraja unalolipenda lina tundu dogo kwa nusu milimita, panua tundu la daraja. Fundi wa mashine atalifanya kwa keekee ya milimita 4.1 huku unasubiri. Ukikosea, umepoteza daraja.

Chuma gani? Wauzaji wanaahidi mengi kuhusu sauti: shaba ya njano hivi, alumini vile, titani vingine. Tofauti ipo, ila kwenye gitaa la umeme ni ndogo kuliko ile ya nyuzi mpya na nyuzi za mwezi uliopita. Mimi ningetazama uimara na kutu. Kwa mtu wa Tanga ningechukua mwili wa daraja wa shaba ya njano au wa chuma cha pua, kwa sababu haubonyei kama zinki, na vibebeo vya shaba ya njano. Kwa rangi ya juu chagua kromu kuliko nikeli. Nikeli inafifia na kutoboka haraka mahali mkono wenye jasho unapolala. Vibebeo vya nailoni, ambavyo Gibson yenyewe ilivitumia miaka ya 1960, vinalainisha ncha kali ya sauti na havishiki kutu, na kwa rithim ya dansi vinapendeza sana. Vile vya magurudumu waachie wenye mkono wa kutikisa nyuzi. Kwako vitaongeza tu vitu vya kulegea na kulia.

Kampuni ya Gotoh ya Japani inatengeneza aina zote mbili kwa vipimo vya milimita, na kwa gitaa la Kijapani ningeanzia huko. TonePros wana madaraja yenye viskrubu vidogo vya kubana nguzo ili lisichomoke wala kuyumba. Ukinunua kwa muuzaji usiyemjua, mwombe picha ya daraja likiwa kwenye kalipa, tundu la nguzo likionekana. Asiyeweza kukutumia picha hiyo hawezi kukuhakikishia kwamba litaingia.

Likifika, chimba mifereji kwa tupa sindano: nusu ya unene wa uzi uzame, nusu ibaki juu, na mfereji ushuke kidogo kuelekea nyuma. Kaza nyuzi, weka urefu wa karibu milimita 1.5 chini ya uzi wa kwanza na 2 chini ya uzi wa sita, ukipima kwenye freti ya 12. Kile chuma cha nyuma kipandishe mpaka nyuzi zisiguse ukingo wa nyuma wa daraja. Zikiugusa zitakatika na zitalia.

Kisha oktavu. Gitaa likiwa mapajani kama unavyopiga, gusa uzi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, uilinganishe kwenye tuna (kifaa cha kupimia tuni) na sauti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kibebeo nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, tuni upya kabla ya kupima. Baada ya tuna kukubali, piga nyuzi mbili mbili kuanzia freti ya 12 hadi ya 15, zile sauti za tatu na za sita ambazo magitaa ya dansi na ya sebene yanaishi nazo. Masikio yatakuonyesha kasoro ambayo taa ya tuna imeipitisha, na kama ni lazima uchague, sikiliza masikio.

Ikiwa gitaa limeanza kuvuma baada ya kazi, na uvumi haupungui ukishika nyuzi, huenda waya wa ardhi umeachia. Kwenye magitaa ya umbo hili mara nyingi umefichwa chini ya bushi ya kile chuma cha nyuma. Weka mita ya umeme kati ya nyuzi na chuma cha nje cha tundu la jeki; lazima ilie.

Mwisho, tia tone la grisi nyepesi kwenye meno ya nguzo na kwenye kila skrubu ya kibebeo kabla hujafunga, na urudie kila unapobadilisha nyuzi. Daraja la zamani na nguzo zake usiuze. Viweke kwenye mfuko mkavu ndani ya kasha la gitaa. Na ukishapata ule unene wa nguzo na umbali wa kati yake, niandikie namba hizo mbili kabla hujalipa.